Uwanja wa Bwana Bega

Harufu ya mafuta ya kondoo hunirudisha hadi leo kwenye uwanja wa Bwana Bega. Si yale yanayochemka chunguni, bali yale yaliyoganda, yakapakwa juu ya ngozi iliyolowa umande na kusuguliwa kwa kitambaa mpaka ngozi ikalainika. Asubuhi za kipupwe, ukungu ukiwa bado umelala bondeni na moshi wa kuni mbichi ukitoka polepole juu ya mapaa, mzee yule alikaa barazani kwake amepakata mpira wake, akiupaka mafuta taratibu kama mama anavyompaka mtoto aliyetoka kuoga. Sisi tuliokuwa tukienda shule tuliisikia harufu ile tukiwa bado kwenye kona ya mikaratusi, na miguu yetu iliyokufa ganzi kwa baridi ikaanza yenyewe kwenda mbio.

Kijiji chetu kiko juu ya Lushoto, kando ya njia iendayo Lukozi. Mtu aliyekulia nchi tambarare hawezi kujua thamani ya mahali ambapo jiwe likiwekwa linatulia. Kwetu nyumba zimekaa mteremkoni, mashamba yako mteremkoni, na kuku akitaga vibaya yai humkimbia. Mpira wetu wa matambara na kamba za migomba ulikuwa mzuri, tatizo lilikuwa mlima. Ukipigwa kidogo tu pembeni ulianza safari, ukapita maharage ya watu, ukaruka njia ya ng'ombe, ukaishia kwenye kijito. Aliyeupiga ndiye aliyeufuata, na akifika kule chini lazima angemkuta mama yake au mama wa mwenzake, ambaye angemtwisha ndoo ya maji. Mchezo ulikuwa umeisha.

Mahali tambarare palikuwa pale tu, mbele ya nyumba ya Bwana Bega. Alipasawazisha mwenyewe kwa jembe na toroli, miaka mingi kabla sijazaliwa, akapanda nyasi fupi. Na mpira wake haukuwa wa mviringo. Ulikuwa mrefu, umechongoka huku na huku kama papai. Mara ya kwanza tulipouona, binamu yangu Salehe alisema fundi aliyeushona alipatwa na usingizi kabla hajamaliza. Lakini ulipoanguka mteremkoni uligonga chini, ukaruka kushoto, ukaruka kulia, ukazunguka kama mlevi, kisha ukalala palepale. Salehe akasema, "Kumbe huu ndio mpira wa watu wa milimani!" Bwana Bega alicheka mpaka akakohoa, akasema kwao nako ni milimani.

Alikuwa Mzungu wa Uskoti. Jina lake halisi lilitushinda, tukamwita hivyo kwa sababu bega lake la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia, kama nyumba iliyozama upande mmoja. Ukimuuliza lilipatwa na nini, alijibu kwa Kishambaa chake kizito kwamba mchezo ulianza, vita vikaongeza, na baiskeli yake ikamalizia kwenye ule mteremko wa Mombo. Ujanani alikuwa hodari wa raga, mchezo wa mpira ule mrefu, mpaka akachaguliwa kuichezea nchi yake dhidi ya nchi nyingine, zamani sana, wakati hata redio haijulikani. Waliochaguliwa hawakupewa pesa. Walipewa kofia. Yake ilikuwa ya mahameli ya buluu iliyopauka, ina shada la nyuzi za dhahabu linaloning'inia upande mmoja.

Kofia ile ndiyo iliyomfanya awe mtu wa kwetu. Alipohamia, wazee wa kijiji walimwona siku moja ameivaa akipanda miche ya matunda ya plamsi, wakarudi wakinong'ona kwamba kumbe Mzungu huyu ni Mwislamu, na ni mcha Mungu, maana hakuna mtu anayevaa kofia nzuri vile shambani pasipo sababu. Sikukuu ya Idi ilipofika wakatuma watu wawili wamfuate. Naye hakujua anaitwa wapi, lakini hakutaka kuwavunjia heshima jirani zake, akaenda na kofia yake, akakaa nyuma kabisa msikitini, akainuka walipoinuka na kukaa walipokaa. Baadaye akala pilau. Ukweli ulipojulikana watu walicheka mwaka mzima, lakini hakuna aliyekubali kufuta mwaliko. Tangu hapo kila Idi sahani yake ilitengwa, na kila Idi alikuja na kofia.

Rafiki yake mkubwa alikuwa babu yangu, mzaa baba, niliyeishi naye nyumba moja. Urafiki wao ulikuwa wa kuchokozana. Katika vita vya Mjerumani na Mwingereza, Babu alikuwa kijana aliyebebeshwa mizigo ya Wajerumani, na Bwana Bega alikuwa askari upande wa pili, aliyepanda kutoka Mombo na wenzake kuwafukuza. Hawakuonana wakati ule, lakini walisimuliana kama walioonana.

"Ulinikimbia mpaka Bumbuli," Bwana Bega alisema.

"Nilikuwa na sanduku la risasi kichwani," Babu alijibu. "Wewe ulikuwa huna kitu, na bado hukunipata. Na unasema uliichezea nchi yako!"

Barazani kwa Bwana Bega palikuwa na picha ya ile timu yake, vijana wamefumbata mikono, wote wana masharubu, wote wanajifanya wakali. Siku moja Salehe alimuuliza wako wapi sasa. Bwana Bega alitutajia mmoja mmoja kwa kidole. Huyu alikuwa mwizi wa keki. Huyu aliimba vibaya. Huyu alikimbia kama swala. Wengi walikwenda vitani pamoja naye na hawakurudi. Alisema hivyo bila kubadilisha sauti, kisha akainua mpira, akatuuliza kama tumekuja kutazama picha au kucheza. Ndipo nilipofahamu kwa nini uwanja ule hakupanda kitu. Plamsi alizipanda kila mahali, hata nyuma ya choo, lakini pale palibaki nyasi.

Alitufundisha jioni, baada ya shule. Wasichana walicheza na wavulana, kwa kuwa hakuna aliyetuambia kwamba wasichana hawachezi. Sheria iliyotusumbua ni ile ya kutorusha mpira mbele. Unakimbia kwenda mbele, lakini unampa mwenzako aliye nyuma. Hatukuielewa mpaka tulipokwenda kwenye kazi ya kujitegemea kujenga darasa jipya. Tulisimama kwenye mstari mrefu kutoka kijitoni mpaka juu, tukipokezana mawe mkono kwa mkono, nyuso zetu zikielekea kijitoni, kila mmoja akigeuka kumpa aliye nyuma yake. Bwana Bega alikuwa anapita na fimbo yake, akasimama. "Hivyo hivyo!" akapiga kelele. "Hiyo ndiyo raga!" Kuanzia siku ile tulirusha kama tunaopokezana mawe, na mpira haukuanguka tena ovyo.

Mimi nilikuwa mtoto wa haya. Darasani nikiulizwa swali nilijua jibu lakini lilikwama kooni, na Mwalimu Yohana alichoka kunisubiri. Nyumbani waliniita Mwanaidi Kimya. Maneno niliyoweza kuyasema mbele za watu bila kutetemeka yalikuwa ya salamu tu, kwa sababu hayo nilifundishwa kabla sijajua kuogopa. Lakini uwanjani hakuna aliyenitaka niseme. Nilikimbia kimya, na mara nyingi walinisahau, hata nikajikuta peke yangu upande wa pili, nimenyoosha mikono.

Ule mwaka ninaousimulia, habari za ujamaa zilikuwa zimefika mpaka kwetu, na kijiji kikaamua kuwa na shamba la pamoja. Bwana Bega alikuwa wa kwanza kutoa. Alitoa plamsi zake zote, akasema yeye tumbo lake lilishakula za kutosha. Watu walimpigia makofi. Kisha Mwenyekiti wa kijiji, mtu mchapakazi mwenye sauti nene na masikio makubwa, akasimama kwenye mkutano na kusema kwamba kabichi zinataka ardhi iliyotulia, na ardhi iliyotulia inajulikana iko wapi.

Nilikuwa nimekaa chini na wanawake, nikaona uso wa Bwana Bega. Hakupinga. Alisema ardhi ni ya wananchi, yeye ni mgeni aliyezeeka. Aliomba kitu kimoja tu, kwamba kama inawezekana pale pabaki pa watoto. Mwenyekiti alijibu kwa upole kwamba watoto nao hula kabichi.

"Na kule ni mchezo gani?" akaendelea. "Mpira umepinda, unarushwa nyuma, watoto wanagombania kama kuku. Una faida gani kwa taifa?"

Babu akanyoosha fimbo. "Mwenyekiti, umeshaucheza?"

"Mimi? Mtu mzima?"

"Basi unahukumu chakula hujaonja."

Watu wakacheka, na Mwenyekiti, ambaye hakuwa mtu wa kukimbia neno, akasema vizuri, ataonja. Palepale ikapangwa kwamba siku ya Saba Saba wazee wa kamati watacheza na watoto wa shule. Upande utakaotangulia kuvusha mpira kwenye mstari wa wenzao umeshinda. Wakishinda wazee, kesho yake majembe. Wakishinda watoto, kamati itafute pengine pa kabichi. Nilimtazama Bwana Bega. Alikuwa amelishika lile bega lake kama mtu anayelipoza.

Siku ya Saba Saba ukungu uliondoka mapema, na watu wakajaa kandokando ya uwanja, wengine juu ya kuta za matuta. Bwana Bega alikuwa mwamuzi, amevaa kofia yake na filimbi shingoni. Sheria ya raga ya kumwangusha mwenye mpira aliifuta, maana hakuna mtoto wa kwetu angeweza kumwangusha mzee mchana kisha arudi nyumbani kula ugali. Mtu akishikwa kwa mikono miwili, anatoa mpira. Wazee walivua makoti, wakabaki na fulana. Mwalimu Yohana alikuwa upande wao. Babu pia, ingawa umri wake haukuwa wa mbio. Bwana Bega alieleza kwamba raga haina kipa, lakini wazee waliona huo ni uzembe, mstari hauwezi kuachwa bila mlinzi. Wakamweka Babu kwenye mstari wao, juu ya kigoda, fimbo mkononi.

Tuliwazidi mbio, tena mbali. Lakini hatukufika popote, na sababu yake hakuna aliyeifikiria kabla. Salehe alipata mpira, akawapita wawili, akakutana ana kwa ana na mzee wa kanisa. Miguu yake ikapunguza mwendo yenyewe, goti likapinda, mdomo ukasema, "Shikamoo." Yule mzee akajibu "Marahaba" huku mikono yake miwili iko kwenye mpira. Akaja mtoto mwingine, akakutana na Mwenyekiti. "Shikamoo." "Marahaba, lete hapa." Ikawa hivyo kila mara. Tulikuwa tumefundishwa tangu kunyonya kwamba mzee hapitwi kama mti, na masomo ya jioni ya Bwana Bega hayakuweza kulifuta lile. Watazamaji walicheka mpaka wakashikana. Bwana Bega alisahau uamuzi, akapiga kelele, "Salimieni kesho! Salimieni kesho!"

Ni Babu tu ambaye hakucheka. Alikuwa ameinuka kwenye kigoda chake, na nilimsikia akisema kwa sauti, "Nyinyi! Mnaitikia salamu ya mtoto huku mnampora?" Mwenyekiti akamwambia akae, huu ni mchezo. Babu hakukaa tena.

Jua lilikuwa limepanda, nasi tumeanza kuchoka. Wazee, ambao hawakuwa wakikimbia sana, walikuwa wakisogea na mpira hatua kwa hatua kuelekea mstari wetu. Niliona nyuma yetu zile nyasi fupi, nikaziona zimegeuka mistari ya kabichi. Ndipo Mwalimu Yohana alipotaka kumrushia Mwenyekiti, mpira ukamponyoka kwa sababu ya yale mafuta ya kondoo, ukadunda vile unavyodunda wenyewe, ukamwendea Salehe. Akarusha nyuma. Aliyepokea akarusha nyuma. Nami nilikuwa pembeni kabisa, nimesahauliwa kama kawaida yangu, na mpira ukaja kifuani.

Nilikimbia. Sikusikia kitu ila pumzi zangu. Uwanja wote wa mbele ulikuwa mtupu, hakuna mzee wa kusalimia, mpaka mwisho, ambako Babu alisimama katikati ya njia yangu ametanua mikono. Nyuma nilisikia vishindo vya Mwenyekiti na kelele yake, "Mzee, mshike! Mshike huyo!"

Watu wamenisifu maisha yangu yote kwamba nilikuwa mjanja. Sikuwa mjanja. Nilifika mbele ya babu yangu, nikasimama, nikapiga goti, mpira nimeukumbatia, nikasema neno nililoweza kulisema.

"Shikamoo, Babu."

Akashusha mikono. "Marahaba, mchumba wangu. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama, Babu."

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo."

"Na ng'ombe?"

"Hajambo." Ng'ombe huyo Babu alimkamua mwenyewe alfajiri ile, na uji wa asubuhi tuliunywa pamoja.

Mwenyekiti alifika akihema, mikono mbele, lakini akakwama kama aliyefika kwenye mto uliofurika. Hakuna mtu wa kwetu anayemnyang'anya mtoto kitu wakati mzee wake anamjulia hali. "Mzee," akasema kwa shida, "mshike basi."

"Ngoja kwanza," Babu alimwambia bila kugeuka. "Nasalimiwa."

Wengine wakafika, nao wakasimama. Babu akautazama mpira mikononi mwangu kama ndiyo kwanza auone.

"Una mzigo," akasema.

"Ndiyo, Babu."

Kwenye njia zetu za mlimani, ambazo mguu mmoja ukiweka wa pili unatafuta nafasi, asiye na mzigo humpisha mwenye mzigo. Hata awe nani. Babu akarudi nyuma, akasogea pembeni pamoja na kigoda chake, akaegemea fimbo. "Basi pita, mwanangu. Usichoke na mzigo."

Nikapita. Sikukimbia, kwa kuwa mtu aliyepishwa hakimbii. Nilivuka mstari, nikachuchumaa, nikauweka mpira chini kwa mikono miwili kama ninavyoweka mtungi wa maji. Filimbi haikulia. Nilipogeuka nilimwona Bwana Bega amekaa kwenye nyasi, kofia imemwangukia puani, anacheka bila sauti huku machozi yanamtoka.

Zogo likaanza. Mwenyekiti alisema si haki, mlinzi ameacha lango. Mwalimu Yohana alisema ni halali, kisha akakumbuka yuko upande gani, akanyamaza. Wote wakamgeukia Bwana Bega. Aliinuliwa, akavaa kofia yake vizuri, akasema kwamba amecheza mchezo huu mbele ya umati mkubwa na mbele ya wakubwa wa nchi, na sheria zake anazijua zote, wala hakuna inayokataza mtu kumsalimu babu yake.

"Lakini yeye angemshika!" Mwenyekiti akalalamika.

Babu akamtazama. "Ulitaka nisiitikie shikamoo ya mjukuu wangu? Sema hapa, mbele ya watu."

Mwenyekiti akatazama watu. Watu wakamtazama yeye. Halafu ile sauti yake nene ikapasuka kwa kicheko, akanishika mkono, akaniuliza jina langu. Nikamjibu, kwa sauti iliyosikika, na mama yangu aliyekuwa juu ya tuta akashika mdomo. Kabichi zilipandwa upande wa pili wa bonde, ambako kijiji kizima, Mwenyekiti mbele, kilikata matuta mapya. Zilistawi, nami nilizila.

Kama Babu alinipisha kwa mazoea ya njiani au kwa makusudi, hakusema kamwe. Nilimuuliza nikiwa mtu mzima, akaniambia swali hilo nimuulize ng'ombe. Bwana Bega alikufa miaka michache baada ya Saba Saba ile, akazikwa pembeni mwa uwanja, chini ya mplamsi. Kofia alimwachia Babu, naye Babu akawa anaivaa kila Idi mpaka mwisho wake, shada la dhahabu likimpigapiga sikio, na msikitini hakuna aliyemwambia kitu.

Uwanja bado upo. Siku hizi wanacheza mpira wa mviringo, wamezungushia wavu upande wa bonde ili usiteremke. Bodaboda zinazopandisha kwenda Lukozi hunipita na "Shikamoo bibi!" ambayo naiitikia wakati kijana ameshamaliza kona, na marahaba yangu hubaki na vumbi. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba salamu zetu zimekwisha. Lakini jioni moja mwezi uliopita nilikata pembeni ya uwanja na mzigo wangu wa majani ya ng'ombe kichwani, nikapita nyuma ya goli. Kipa, mtoto mwembamba nisiyemjua, aliniona, akaugeuzia mchezo mgongo, akapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako hajambo?"

Kabla hajajibu, mpira ulimpita ukaingia golini. Wenzake upande wa pili wakarukaruka kushangilia, wa upande wake wakamjia juu, na yeye akabaki amesimama, akiniangalia mimi, hajui alie au amalizie kunijibu. Zamani wote tungesimama. Hilo lilinipitia moyoni. Lakini kipa huyu alisimama, hali akijua mpira uko wapi.

Wakaniuliza mimi niamue, maana nilikuwa mtu mzima aliyekuwa karibu zaidi. Nilitua mzigo wangu. Nikasema, kwa sauti ambayo ningetamani Bwana Bega aisikie, kwamba bao hilo halihesabiki, na mtu aliyefunga wakati mwenzake anasalimia aje hapa mbele anieleze kwao ni wapi. Kijana mmoja akaja ameinamisha kichwa, nikamjua kwa masikio yake. Alikuwa kitukuu wa Mwenyekiti. Nikacheka mpaka nikakaa kwenye nyasi, pale pale, nao wakanizunguka wakidhani nimeugua.

"Mama hajambo, bibi," yule kipa akasema.